Vumbi Halifungwi kwa Kufuli

Barua ile niliileta mimi mwenyewe, ndani ya kikapu cha mayai, bila kujua imeandikwa nini. Baba mdogo Lazaro alinikabidhi asubuhi nilipokuwa natoka Rhotia. Aliikunja mara nne akaibandika kwa ugali badala ya gundi.

"Mpe yule mwanamke wa gazeti," aliniambia. "Mwambie nimeweka jina langu kamili. Mimi sijifichi."

Mwaka ule wa 1998 nilikuwa fundi cherehani sokoni Karatu. Banda langu lilipakana na la Verediana, na ukuta wa mbao uliotutenganisha ulikuwa na nyufa kiasi kwamba akipiga chafya nilimwambia "afya" kabla hajatafuta leso. Verediana, ambaye wengi tulimwita Mama Eliud, alikuja kutoka Rombo, Kilimanjaro, kumfuata mumewe Raphael, dereva wa watalii. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa: barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, kadi za harusi. Hiyo ilikuwa ya kula. Roho yake ilikuwa kwenye *Vumbi*.

*Vumbi* lilikuwa gazeti. Karatasi nne zilizobanwa kwa pini, zimerudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, linatoka kila siku ya mnada. Humo ulipata bei za mazao, ng'ombe waliopotea, siku za chanjo, na matokeo ya mpira kati ya madereva na walimu. Jina alilipata wiki yake ya kwanza hapa, mwezi wa saba, upepo ulipommwagia udongo mwekundu mpaka ndani ya chai. "Hiki ndicho kitu pekee kinachoingia kila nyumba ya Karatu bila kubisha hodi," alisema, akaanza kucheka peke yake. Ukurasa wa mwisho uliitwa "Sema" na ulikuwa wa wasomaji. Ukitia jina lako na kijiji chako, na usipomtishia mtu kipigo, barua yako inachapwa kama ulivyoileta.

Nilimpa ile barua nikarudi kwenye cherehani yangu. Nikasikia anabandua ugali. Nikasikia anacheka. Halafu kicheko kikakatika.

"Eva," aliniita kupitia ufa. "Njoo usikie baba yako mdogo anavyojua Kiswahili."

Akanisomea kwa sauti, akiwa amesimama:

"Mhariri, watu wa kuja kutoka Kilimanjaro na Arusha ni kupe. Kupe hamfuati ng'ombe aliyekonda. Waliona udongo wetu unatoa ngano na maharage, wakaja kujibandika. Wananunua maharage yetu yakiwa bado maua. Gunia wanalishindilia mpaka linaota kichwa, wanasema ni lumbesa, na sisi tunaonekana wajinga. Kanisani wanakaa mbele, sokoni wanakaa mbele, kaburini tu ndiko wanakotutanguliza. Warudi kwao wakabanane kwenye migomba. Na wewe mwenye gazeti ni kupe kama wenzako, ila wewe unanyonya kwa kalamu. Najua hutaichapa barua hii. Ni mimi Lazaro Bura, Rhotia."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama Eliud, nisamehe. Sikujua. Nipe niichane."

"Unichanie barua yangu?" Aliirudisha kifuani kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Macho yalikuwa yanawaka. "Miezi minane nachapa bei ya mahindi, Eva! Hii ndiyo barua ya kwanza yenye moto. Imeniuma, siongopi. Hapo pa kalamu pameniuma mpaka tumboni. Lakini umesikia alivyomalizia? Ameshanihukumu kuwa sitaichapa."

Raphael alipokuja mchana kutoka gereji alimkuta ameshaweka stensili, karatasi ya nta ya kurudufia, kwenye mashine ya chapa. Aliisoma barua begani kwake. Nilisimamisha mguu wangu kwenye cherehani ili nisikie.

"Utawatukana watu wako kwa mkono wako mwenyewe?"

"Matusi ni yake. Mashine ndiyo yangu."

"Na karatasi je? Karatasi ni za nani?"

Hapo alimgusa. Karatasi zilitoka kwa Thomasi, mnunuzi mkubwa wa mazao, mwenye malori mawili na mwenyekiti wa wafanyabiashara. Tena ndiye aliyesimamia ndoa yao. Walimwita Baba, na Pasaka walikula kwake.

"Baba ataumia," alisema Verediana polepole. "Najua. Hata mimi nimeumia."

"Basi iache. Watu watasoma waseme kweli, sisi ni kupe."

"Wanasema tayari, Raphael! Wanasema kwa lugha yao tukipita. Eva, wanasema au hawasemi?"

Nimezaliwa hapa, najua yanayosemwa kwenye vilabu vya pombe na kwenye foleni ya kisima. "Wanasema," nikajibu.

"Umesikia? Wanasema miaka yote na hakuna wa kumjibu, kwa sababu hakuna aliyesema waziwazi. Leo mmoja kasema kwa Kiswahili, kaweka na jina. Mtu wa namna hiyo ninaweza kumjibu. Namjibu leo hii."

Na akamjibu. Aliichapa barua yote bila kugusa neno, na chini yake akaweka yake. Aliandika kwamba amezaliwa mtoto wa tisa kwenye kihamba, shamba la ukoo, kisichotosha migomba ya watu watatu. Alisema hakuja kumnyonya mtu, alikuja kutafuta pa kusimama, na kwamba babu wa Mzee Lazaro naye alishuka kutoka Mbulu kwa sababu hiyo hiyo. Mwisho akaandika hivi: "Kupe ni neno la kuudhi na si kweli. Lumbesa ni neno la kuudhi na ni kweli. Nawaomba wenye malori walijibu hilo la pili."

Nilimsaidia kuzungusha mashine. Nakala mia mbili. Mkono uliniuma, lakini sijawahi kufanya kazi kwa furaha ya namna ile. Kila karatasi ilipodondoka nilihisi kama napuliza moto.

Siku ya mnada Raphael aliondoka mapema na wageni wake kwenda Ngorongoro. Kama kawaida alichukua nakala thelathini za kuacha kwenye duka moja huko juu, ukingoni mwa kreta. Alizitupa nyuma ya kiti bila kumwangalia mkewe.

Mpaka saa nne soko zima lilikuwa limechemka. Penye nyama choma kijana mmoja alipanda juu ya kreti la soda akasoma barua kwa sauti, na kila alipofika kwenye "kupe" wakulima walipiga kelele za furaha, na alipofika kwenye jibu la Mama Eliud wapiga debe na wauza mitumba wakajibu kwa kelele zao. Wanawake wa Mang'ola waliokuja na vitunguu waliacha vitunguu. Mmoja wao, Katarina, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alipita kati ya magunia ya lumbesa akiyapiga kofi moja moja: "Hili hapa limeota kichwa! Na hili! Hili limeota mpaka shingo!" Watu walicheka mpaka machozi.

Halafu Thomasi akafika. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, anayevaa koti hata kwenye jua. Alisimama mbele ya banda la Verediana na gazeti mkononi.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Shikamoo, Baba. Nimechapa barua ya msomaji."

"Yakusanye yote uyachome. Andika kuwa ulikosea."

"Sikukosea, Baba."

Alilikunja gazeti akalitia kwenye koti. Kisha akawageukia vijana wake wa malori. "Yanunueni yaliyobaki."

Waliyanunua yote, wakayarundika katikati ya uwanja wakayatia kiberiti. Moshi ukapanda, watu wakakimbilia kuona. Nikadhani Verediana atalia. Kumbe alikuwa ameshapanda juu ya kigoda chake. "Mwenye kununua achome, ni mali yake!" alipaza sauti. "Nyingine ziko tayari! Eva, zungusha!"

Nikazungusha. Wao wakanunua wakachoma, sisi tukachapa. Upande wa pili wakulima nao wakaanza kugombania nakala kabla vijana wa Thomasi hawajazifikia. Watu ambao hawakuwahi kushika gazeti maisha yao walikuwa wanapigana vikumbo walipate. Stensili ilikuwa imeanza kuraruka pembeni, wino umenijaa mpaka kwenye viwiko, na mimi nilikuwa nacheka kama kichaa.

Aliyelimaliza hilo ni Valeriani, msimamizi wa soko. Alikuja na kufuli kubwa la ghala, akatutoa nje kwa adabu, akafunga banda na mashine ikiwa ndani.

"Mpaka kikao cha Jumamosi," alisema. "Na huyo mzee aje afute maneno yake mbele ya watu. Asipofuta, mazao yake hayaingii sokoni kwangu."

"Na gazeti?" Verediana aliuliza.

"Gazeti litakuwa linasomwa kwanza na kamati kabla ya kutoka. Kwa amani ya wote."

Aliondoka na ufunguo mfukoni. Verediana akasimama akilitazama lile kufuli. Kisha akaja bandani kwangu, akaomba misumari ya viatu, akapigilia barua na jibu kwenye mlango wangu, sentimita chache kutoka kwenye mlango uliofungwa. Tukachukua karatasi za kaboni na kalamu, tukaanza kunakili kwa mkono. Watu wakajipanga. Katarina alikaa mlangoni akiwapanga kama anagawa chakula cha msiba, na kila aliyepita alimpigia kelele: "Vumbi halifungwi kwa kufuli! Soma, usipite!"

Alhamisi nilipanda Rhotia. Nilimkuta Baba mdogo anapura maharage. Hakuniacha hata nimwamkie vizuri.

"Kweli ameichapa?"

"Ameichapa, Baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Yote?"

"Yote."

"Hata kupe?"

"Hata kupe. Hata kalamu."

Aliketi juu ya gunia. Nilimpa nakala yangu, naye akaisoma akiisogeza mbali na macho, midomo ikicheza. Alipofika kwenye barua yake alinyooka mgongo kama mtu anayepigwa picha. Alipofika kwenye jibu, uso ukabadilika.

"Nani kamwambia habari za babu yangu?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Hakuniuliza tena. Nikamweleza la kikao na la kufuta, na kwamba asipofuta hatauza sokoni. Aliokota maharage yaliyodondoka, moja moja, akayarudisha kwenye gunia.

"Nimeandika nikidhani ataichana," alisema mwisho. "Ningepita Karatu nzima nikisema, mnaona, wanaogopa. Sasa mwanamke huyu kaninyang'anya neno." Akasimama, akapangusa suruali. "Lakini sifuti."

Jumamosi ghala la mazao lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Wafanyabiashara upande huu, wakulima upande ule, na Verediana peke yake katikati, amevaa gauni lake la kanisani. Raphael alikuwa bado hajarudi. Nilimwona Verediana anageuka kila gari likipita.

Thomasi alisema wa kwanza, wala hakupiga kelele. "Nimekaa Karatu miaka ishirini na miwili," alisema. "Mama yangu nimemzika hapa. Watoto wangu wanajua Kiiraqw cha hapa kuliko lugha yangu. Leo naamka naitwa kupe, na aliyeeneza ni binti niliyemsimamia ndoa. Sikatai mtu kusema. Lakini kuna kusema na kuna kutukana. Mzee afute, na kamati iwe inasoma kwanza. Ni hilo tu."

Hata wakulima hawakumzomea, maana aliumia kweli na kila mtu alimwona.

Verediana akainuka. Akamgeukia Thomasi.

"Baba, umeumia, na sina dawa ya maumivu hayo. Mimi nimetukanwa kabla yako, tena kwa cheo changu. Nikiwa na hasira yangu ningeweza kuichoma ile barua, hakuna ambaye angejua. Na Mzee Lazaro angeendelea kunichukia huko huko Rhotia, mimi nikimsalimia barabarani bila kujua. Leo najua. Nimemjibu, na watu wamesoma yake na yangu wakapima."

Akatoa kwenye mkoba kijitabu chembamba kilichokunjika pembe. "Hii ni Katiba. Ibara ya kumi na nane inasema kila mtu yuko huru kuwa na maoni yoyote na kuyatoa. Nimeisoma mara nyingi wiki hii. Haijasema maoni mazuri. Haijasema maoni ya adabu. Maoni mazuri hayahitaji ibara, Baba. Nani atayafungia kufuli?"

Nyuma mtu akapiga mluzi. Sauti ya Verediana ikapanda.

"Mzee angeandika tupigwe, au nyumba zetu zichomwe, barua ningeipeleka polisi, si kwenye mashine. Hakuandika hivyo. Ameandika kuwa yeye hatupendi. Na hiyo kamati yenu, nisikilizeni jamani! Leo kamati itafuta 'kupe'. Mnada ujao itafuta 'lumbesa', maana lumbesa nayo inauma. Baada ya miezi mitatu tutabaki na matokeo ya mpira!"

Ghala likalipuka. Katarina alikuwa amesimama juu ya gunia akipunga kanga. Valeriani alipiga meza mpaka kalamu zikaruka.

"Mzee Lazaro Bura!" aliita. "Unafuta au hufuti?"

Baba mdogo akasimama, kofia mkononi. "Simtetei huyu mwanamke, na yeye sikumtuma anitetee. Sifuti hata nukta."

Kelele zikaanza upya, na ndani ya kelele hizo nikasikia Land Rover inasimama nje kwa breki kali. Raphael akaingia, mwekundu kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu. Nyuma yake alikuwa mtu mmoja mwenye lubega na miwani, fimbo kwapani.

"Msimamizi, naomba kusema," Raphael alisema akihema. Alimgeukia Thomasi. "Baba, siku ya mnada ulinisimamisha kituo cha mafuta, ukasoma nakala moja, ukaniambia lile furushi la magazeti nilitupe msituni nikishapita geti. Nilikuwa na hasira, nikakubali. Nilisimama msituni, nikashuka nalo. Wageni wangu wakadhani nimeona chui, wote wakatoa kamera. Nikaona aibu kutupa kitu mbele ya kamera, nikajifanya nasoma. Ndipo nikasoma jibu la mke wangu. Nilikuwa sijalisoma." Akamtazama mkewe. "Nikarudi nalo garini. Nimelifikisha. Na huyu bwana alilisoma, akaniomba lifti aje kujibu."

Verediana alifunika mdomo kwa mkono. Mwenye lubega akajitambulisha kuwa anaitwa Olais, kwao Enguserosambu, na kwamba hutibu mifugo huko juu Ngorongoro. Barua alikuwa ameshaiandika, kwa mwandiko mzuri wa shule. Valeriani, ambaye nadhani alikuwa amechoka, akamruhusu aisome.

"Mhariri," alianza Olais, taratibu kama anayehesabu ng'ombe zizini. "Nimesoma ugomvi wa watu wawili wanaogombania nani mwenyeji wa Karatu. Nimecheka mpaka ndama wakashtuka. Babu yangu alichunga hapo mnapouzia gazeti hili. Kisha wakulima wakaja kutoka Mbulu na majembe kama mchwa, wakala majani yote. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara kama nzi. Leo mchwa anamwambia nzi arudi kwao! Nawashauri mrudi wote wawili, mkisaidiana mizigo."

Olais akaikunja barua yake. Halafu wafanyabiashara walianza kucheka, wao walioitwa nzi, wakicheka kwa sababu ya mchwa. Na Baba mdogo Lazaro akaruka mbele, kidole juu.

"Hiyo isichapwe! Huyu ametutukana! Sisi mchwa? Babu yangu alifyeka msitu kwa mikono yake! Msimamizi, andika, hiyo isichapwe!"

Thomasi, aliyekuwa bado amesimama, akavua kofia yake taratibu.

"Mzee Lazaro," alisema, "karibu kwenye kamati."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilianza kwa Katarina kikazunguka ghala lote, upande huu na upande ule, mpaka Valeriani akaficha uso nyuma ya daftari. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Baba mdogo. Alibaki na kidole juu, kisha akakishusha. Alimtazama Thomasi kwa muda mrefu, akamtazama Olais, akamtazama Verediana, ambaye naye hakuwa anacheka, anamsubiri tu.

"Ichapwe," alisema mwisho, kwa sauti ya chini. Kisha kwa sauti kubwa: "Ichapwe! Lakini na mimi nipewe ukurasa mzima nimjibu!"

"Nusu ukurasa, Mzee," alisema Verediana.

"Nusu haitoshi!"

"Punguza matusi, hoja zitaenea."

Valeriani akaweka ufunguo mezani. Kabla watu hawajatoka, Katarina akaziba mlango kwa mwili wake akasema hakutoka Mang'ola kuja kusikiliza wadudu, amekuja kwa ajili ya lumbesa, na nani atajibu. Wakarudi kukaa. Walibishana mpaka saa kumi. Wanunuzi watatu walikubali kuleta mizani mnada unaofuata. Wengine walikataa katakata, na magunia yao yanaota vichwa mpaka leo.

Sitasema kila kitu kilikwenda vizuri. Thomasi alimkuta Verediana nje akamwambia, bila ukali, kuwa karatasi zake azisahau. Alitimiza. Kadi za harusi za watu wa Kilimanjaro zilihamia kwa mchapaji mwingine, na Krismasi ya mwaka ule Raphael na mkewe hawakualikwa kwa Baba. Nilimwona Verediana siku ile anafuta vumbi kwenye mashine ile ile mara tatu nne, na sikumuuliza.

Lakini toleo lililofuata! Lilikuwa na karatasi nane. Karatasi zilitoka kokote: walimu walileta za mitihani ya zamani zilizo wazi upande mmoja, Olais alituma rimu nzima kwa dereva wa lori la chumvi. Palikuwa na barua yake, na ya Baba mdogo, nusu ukurasa iliyojaa mpaka pembeni. Palikuwa na barua ya Katarina iliyoandikwa na mwanawe wa shule. Na asubuhi ya kuchapa, dereva wa Thomasi alileta bahasha. Verediana aliifungua akiwa amesimama. Ilianza hivi: "Nilimwozesha binti, naye akaniuma mkono." Ilikuwa na matusi mazito, yaliyopangwa kwa adabu, na jina kamili chini.

Aliisoma mara mbili. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono akabaki na alama ya wino shavuni.

"Baba anajua kuandika," alisema. Akaingiza stensili mpya kwenye mashine ya chapa, akaiweka ile barua ukurasa wa kwanza.

Mpaka saa tatu dirisha letu lilikuwa limezibwa na mikono. Watu walikuwa wanachomoa kurasa wino ukiwa haujakauka, wanasomeana papo hapo, wanabishana, wanachafuana nguo. Baba mdogo Lazaro alikuwa mbele kabisa, vidole vyeusi, akimsomea kwa sauti mtu asiyemjua kabisa, kijana wa malori wa Thomasi, na kila baada ya sentensi anamshika bega na kumuuliza: "Unaonaje hapo? Sema, unaonaje?"

Kijana akavuta pumzi, akaanza kumwambia.